Dada yuko Sudan Kusini, mama anataka arudi

Najua nimepotea. Bumu limechelewa kama kawaida yake, majaribio yametubana, na umeme wa huku bwenini unachagua kukatika saa ileile mtu anapotaka kupiga msuli. Ila ukweli si hayo yaliyonipoteza. Kuna jambo la nyumbani limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa, na nimeona bora niliandike.

Wale wa karibu mnamjua dada yangu, hata kama hamjamwona. Ni nesi. Ndiye aliyenilipia ada kidato cha tano na cha sita, na hata hili begi ninalobebea madesa ni lake. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja aliaga kazini, akaenda Sudan Kusini kujitolea kwenye hospitali ya misheni. Mkataba ni miaka miwili. Mshahara hakuna, kuna posho ndogo ya kujikimu, chakula, pa kulala, na tiketi ya kwenda na kurudi. Kanisani waliagana naye kwa shangwe, kwaya ikaimba mpaka saa nane mchana, mama akalia, mimi nikabeba mizigo mpaka stendi. Picha mliziona.

Sasa ana miezi saba huko na amechoka. Mwisho wa mwezi huu anatakiwa awajibu waliompeleka kama atamaliza mwaka wa pili au wamtafutie mtu mwingine. Mama kanipigia simu Jumapili moja, hata salamu hazijaisha: "Baba, wewe dada yako anakusikiliza. Mwandikie arudi. Ameshamtumikia Mungu, inatosha."

Jamani, nimwandikieje?

Ngoja niwaeleze kwanza alivyoanza, maana mwanzoni ilikuwa raha tupu. Alikuwa anatuma sauti kila jioni, tunasikiliza na mama huku tunacheka. Mara joto: Tabora tuna joto letu la Oktoba, lakini usiku hewa inapoa, mtu anajifunika. Kule mwezi wa tatu inafika nyuzi 40 na usiku nao unakataa kupoa, akawa analala nje barazani ndani ya chandarua kama samaki kwenye wavu. Mara chakula: akasema wanakula asida ya mtama. Mama akauliza asida ndiyo nini. Dada akamweleza. Mama akasema, "Basi huo ni ugali wa mtama, hujaenda mbali." Mara wanawake wa wodini wamemuuliza kwa nini amekuja peke yake, kaka zake wamemkosea nini, na kwao mahari yake ni ng'ombe wangapi. Akawajibu ana mdogo wake mmoja tu wa kiume, bado yuko chuo, na hana hata mbuzi. Wodi nzima ikacheka. Nikawa maarufu Sudan Kusini kwa umaskini, basi bwana.

Lugha ndiyo ilimfurahisha kuliko vyote. Wagonjwa wengi pale ni Wadinka, lakini wafanyakazi wanaelewana kwa Kiarabu cha Juba. Siku ya kwanza akasikia dawa. Akasikia sukari na sabuni bila ile "i" ya mwisho, kitabu bila "u" yake. Akanipigia amechangamka kweli: "Mdogo wangu, hawa watu wanaongea maneno yetu!" Nikamwambia hapana dada, sisi ndio tunaongea maneno yao. Mimi nasoma Historia na Kiswahili, lazima nijidai kidogo.

Neno la kwanza asilolijua likawa mafi. Maana yake hakuna. Mafi mushkila, hakuna shida. Mafi dawa, hakuna dawa. Akasema hilo la pili ndilo analolisikia zaidi.

Mwezi wa tatu mwishoni sauti zikapungua. Kisha zikaja fupi fupi. Halafu usiku mmoja akanitumia ujumbe wa maandishi, si kawaida yake, akinieleza habari za mtoto wa miaka mitatu aliyeletwa na malaria kali, damu imeisha kabisa mwilini. Akiba ya damu pale hospitali hawana, inabidi ndugu watoe. Mjomba akatoa, haikutosha, wakawa wanamtafuta mwingine wa kundi linalofaa. Alfajiri mtoto akafa.

Sasa nyie mnaosoma uuguzi mtaniambia kwamba hayo yapo hata kwetu. Ndiyo, yapo, na dada ameyaona kwa macho yake miaka sita aliyofanya kazi mkoani hapa. Ila aliniandikia hivi: huku nyumbani mtoto akifa unamshika mama yake mkono unamwambia pole. Ukitoka kazini jirani anakuona uso, anakwambia pole. Ukiingia ndani mama anakuwekea maji ya kuoga, pole mwanangu. Kule alisimama mbele ya yule mama hana neno la kumwambia. Kamuuliza mkalimani pole wanasemaje, mkalimani akafikiri, akampa sentensi ndefu yenye jina la Mungu ndani, dada akashindwa kuitamka. Akamshika tu mkono. "Nimekaa miezi mitano huku," akaandika, "na sijui kusema pole."

Hapo ndipo alipoanza kuchoka. Si joto, si asida.

Mimi mtu akinipa kazi ngumu huwa nakimbilia kusoma kitu kingine. Safari hii bahati ilikuwa upande wangu, kwani mwalimu wetu alitupa kazi kuhusu njia ya misafara, ile ya Bagamoyo, Tabora mpaka Ujiji. Tukaenda Kwihara watatu kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno. Kama hujafika, nenda: kuna ile tembe nyekundu alimokaa Livingstone, makumbusho sasa. Pametulia mno. Miembe ya njiani ni mikubwa, na wazee wa huku husema ilitokana na kokwa za wapita njia.

Livingstone tunamjua kama mpelelezi, mtu wa ramani na Stanley. Tunasahau kwamba alikuwa daktari wa misheni. Alipata leseni ya udaktari mwaka 1840. Na Januari 1867, huko ambako leo ni Zambia, sanduku lake la dawa liliondoka na wapagazi waliotoroka, akabaki daktari asiye na dawa. Mafi dawa. Niliposoma hapo nilimkumbuka dada kabla ya kumkumbuka mwalimu na kazi yake.

Mwaka 1872 akiwa Kwihara, Stanley alipoondoka kurudi pwani mwezi Machi, yule mzee alikaa pale mpaka Agosti tarehe 25. Miezi mitano na ushee. Alikuwa anasubiri nini? Wapagazi. Watu wa kumbebea mizigo, ambao Stanley alipaswa kumtumia kutoka pwani. Hakuweza kutoka pale mlangoni bila wao. Na mwaka uliofuata, baada ya yeye kufa, waliobeba mwili wake kurudi pwani ni watu wake, akina Chuma na Susi, wakapitia hapahapa Unyanyembe mwezi Oktoba.

Nikiwa pale uani nikawa nafikiria: mgeni aliyekuja kusaidia watu, kutwa anasubiri kusaidiwa.

Kuna mwingine, huyu wa Urambo, wengi hatumjui kabisa. Dk. Ebenezer Southon, wa London Missionary Society. Alifika Urambo mwaka 1879, kwa mtemi Mirambo, yule ambaye Wazungu wengine walimwita jambazi na Waarabu wa Tabora walikuwa wamepigana naye. Southon akakaa kwake, akawa daktari wake na rafiki yake. Bila Mirambo asingejenga, asingekula, asingetibu mtu. Mwaka 1882 bunduki ililipuka kwa ajali ikamjeruhi mkono. Hebu fikiri: daktari pekee wa mahali pale ndiye mgonjwa. Mkono ukakatwa, hakupona, akafa mwezi Julai. Miaka mitatu tu. Kutoka hapa mpaka Urambo ni safari ya asubuhi ukipata gari la maana, lakini sijawahi kusikia mtu akimtaja.

Lakini aliyenikalisha maktaba mpaka mlinzi akaja kugonga kengele ni Adrien Atiman.

Alizaliwa karibu mwaka 1866 upande wa Timbuktu, kando ya mto Niger. Akiwa mtoto mdogo akaibwa na wafanyabiashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mwaka 1876 mapadre wa White Fathers wakamkomboa huko Algeria, yaani walimnunua ili wamwache huru. Wakamsomesha. Mwaka 1881 wakampeleka kisiwa cha Malta yeye na vijana wengine Waafrika waliokombolewa, wakasomea utabibu mpaka 1888. Kardinali Lavigerie alikuwa na mpango wake: hawa wawe madaktari na makatekista, warudi Afrika. Ila Afrika ya kurudi haikuwa ile aliyotoka. Huyu mtoto wa Niger aliletwa huku kwetu, akaingia bara kwa msafara kutoka pwani, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889.

Tulieni hapo kidogo. Njia hii yetu ndiyo iliyokuwa inashusha pembe na watu kwenda pwani. Mtu aliyefungwa kamba utotoni akavushwa jangwa, sasa ana miaka kama ishirini na mitatu, anatembea kwa hiari yake kwenye nchi ya misafara ya watumwa, yeye anakwenda bara na wao wanashushwa pwani, ana sanduku la dawa. Sijui alikuwa anawaza nini. Mimi nimeshindwa hata kuota.

Na lugha? Kibambara sijui Kisonghai cha kwao, Kifaransa cha mapadre, halafu anafika Karema anakuta Kiswahili na Kibende. Rangi yake na yao ni moja, lakini ugeni ni uleule. Hili watu hawalisemi sana. Tunadhani Mzungu tu ndiye anayehangaika kuzoea. Dada mweusi tii kama mimi, na kule ni mgeni wa kutupwa.

Atiman alikaa Karema miaka 67. Si kosa la uchapaji. Kutoka 1889 mpaka alipofariki mwaka 1956, akiwa na miaka tisini hivi. Alipita chini ya Wajerumani, wakaja Wabelgiji, wakaja Waingereza, yeye yupo tu anatibu. Alioa binti wa hukohuko, na mtoto wao Joseph akawa padre. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, yakachapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Leo Sumbawanga kuna hospitali inayoitwa kwa jina lake, na nina uhakika wengi wanaopanga foleni pale wanadhani Dokta Atiman alikuwa Mfipa.

Sasa hapa ndipo nilipokaribia kumtumia dada habari hizi zote na kumwambia, unaona, mwenzako miaka 67, wewe miezi saba? Vidole vilikuwa tayari. Nikaacha. Naichukia sana ile tabia ya kumchapa mtu aliyechoka kwa fimbo ya mtakatifu. Halafu Atiman hakuwa na mama Tabora wa kumpigia simu kila Jumapili. Kwao alinyakuliwa, hakuwa na nyumbani pa kumvuta shati. Dada anapo. Mtu mwenye pa kurudi na mtu asiye na pa kurudi hawapimwi kwa mizani moja, hata kama wote wanatoa vidonge vya malaria.

Upande mwingine, mama naye nilishindwa kumtii. Kumwandikia "rudi" ni rahisi, na angerudi, kwa sababu mimi nikisema. Lakini namjua dada. Angerudi na kile kitu cha kutojua kusema pole kimemkaa kooni, tungeishi nacho mezani mpaka tuzeeke.

Kilichonisaidia ni wale wa njia yetu wote watatu kuwaweka pamoja. Southon alikaa kwa sababu Mirambo alimkaribisha. Livingstone alifika popote alipofika kwa migongo ya watu. Atiman akawa mkwe wa watu. Tukiwaaga wanaokwenda kujitolea kanisani tunawaombea wakawe baraka, wakawape watu dawa, wakawape neno. Kutoa, kutoa, kutoa. Sijasikia ombi hata moja la kwamba huko waendako wapate wa kuwapa wao. Na mtu anayetoa tu bila kupokea hata kikombe cha maji, huyo kazoea kazi, mahali bado hajapazoea.

Basi nikamwandikia swali moja tu. Nilikaa nalo siku mbili kabla ya kulituma. "Dada, huko ukiumwa wewe, nani anakulisha?" Nikaongeza kwamba kama jibu ni hakuna, namwambia mama aanze kufagia chumba chake, na asione aibu hata kidogo. Kama lipo jina, anitajie.

Siku nne kimya. Nikasema tayari, nimeharibu.

Siku ya tano ikaingia sauti ya dakika tisa, ikala bando langu lote la wiki. Kumbe mwezi wa nne aliugua malaria yeye mwenyewe, siku sita hajiwezi, na hakutuambia! (Mama aliposikia hapo aliniomba nisimamishe, akazunguka nyumba mara moja, akarudi, akasema endelea.) Chumba anachokaa kiko nyuma ya wodi. Siku ya pili ya homa mlango ukasukumwa, akaingia mwanamke na kibuyu cha maziwa. Yule mama wa yule mtoto. Kijiji chao kiko mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nani alimwambia kwamba nesi anaumwa, dada hajui mpaka leo. Hakusema kitu. Akaketi chini karibu na mkeka, akamshikia kibuyu anywe, akakaa mpaka jua lilipopoa, akaondoka. Kesho yake akaja tena. Siku nne.

"Tulikuwa tunatazamana tu," dada anasema kwenye sauti, na hapo anacheka kidogo, cheko lake lile ambalo sikulisikia tangu Machi. "Mimi sina neno, na yeye hana neno langu. Basi tunakaa."

Siku aliyosimama na kurudi wodini ndiyo siku mvua ya kwanza iliponyesha. Wanawake wakampa jina, Nyandeng. Deng ni mvua, Nyandeng ni binti wa mvua, ni jina la kawaida tu la wasichana kule. Hakulitia maanani wakati ule kwa sababu ya uchovu, na kwa sababu alikuwa anahesabu aliyoshindwa kuwapa, hajakaa kuhesabu aliyopewa. Hivyo ndivyo alivyosema yeye mwenyewe, mimi sikumfundisha.

Mwisho wa sauti akanijibu swali. Akanitajia jina la yule mama, nami sitaliandika hapa, si langu. Akasema atawajibu wakubwa kwamba anamaliza mwaka wa pili, ila kwa sharti moja: Desemba apewe mwezi mzima nyumbani. Kama hawataki sharti, basi arudi moja kwa moja. Ndiyo dada yangu ninayemjua, hata kwenye utumishi anapatana bei.

Kuchoka hakujaisha, msije mkadhani. Jana tu kaniandikia kwamba barabara imekatika kwa mvua, gari la dawa limekwama, mafi dawa tena, na kuna daktari mmoja anayeongea na manesi kama anafukuza mbuzi. Anasema kuna siku anaamka anaangalia dari anajiuliza amefuata nini. Simlaumu.

Nikaenda nyumbani Jumamosi kumsikilizisha mama ile sauti, maana hili si jambo la kwenye simu. Alisikiliza yote, na ile sehemu ya maziwa akataka irudiwe. Hakusema sawa, hakusema hapana. Akaniuliza, "Huyo mwanamke amebakiwa na watoto wangapi?"

Nikasema sijui, nikamwandikia dada palepale. Jibu likaja jioni tunakula: watatu, mdogo ndiyo kwanza anaota meno.

Mama akanyamaza. Baadaye akaingia stoo, nikasikia anaburuta kitu. Akatoka na gunia la michembe ya mwaka jana, akaanza kuichambua sakafuni, nzuri huku, iliyotobolewa na wadudu kule. Akaniagiza dukani kwa jirani nikachukue dumu la lita tano la asali, ile ya Sikonge, si ile ya barabarani wanayoichanganya na sukari. Kuna sista anapita Mwanza tarehe 14 mwezi ujao, anapandia ndege Entebbe kwenda Juba, na dada kasema anaweza kubeba mzigo mdogo.

"Asali kwenye ndege itawezekana?" mama akaniuliza.

Nikamwambia kwenye begi la mkononi hapana, ila kwenye lile linaloingia tumboni, ukiifunga vizuri, nadhani watakubali. Kama kuna mdau ameshawahi kusafirisha asali, naomba aniambie, na pia kilo ngapi wanaruhusu, maana mama bado anachambua na gunia sasa hivi limefika mawili.